Simu huria haitafika Mtwara ndani ya boksi jipya

Tuanze na magunia. Librem 5, simu huria ya kampuni ya Purism ya Marekani, yaani yenye mfumo wa Linux ambao yeyote anaweza kuusoma na kuubadili, ilianza kuuzwa kwa oda mwaka 2017 kwa dola 599. Kwa shilingi yetu hiyo inakaribia milioni moja na nusu, na hapo hujalipa usafiri wala ushuru. Msimu wa 2024/2025 korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, bei ambayo watu wa Tandahimba na Newala wataisimulia hadi kwa wajukuu. Hata kwa bei hiyo ya sherehe, simu moja inakula kilo 370 na ushei, karibu magunia matano. Na waliolipa mwaka ule hawakuipata kesho yake. Za kwanza zilianza kutoka mwishoni mwa 2019, na wapo waliozipokea miaka kadhaa baadaye, hamu imeshawatoka.

Hesabu hii niliipiga kwa sauti kwenye kibanda cha fundi simu mmoja karibu na soko kuu, hapa Mtwara mjini. Sisi wagonjwa wa Linux hukutana pale jioni, umeme ukiwapo au usiwepo. Tuko watano: fundi mwenyewe, mwalimu wa kompyuta, dada mmoja karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya upande wa Nanyamba ambaye huingia mjini kwa shughuli za chama, kijana wa chuo, na mimi. Siku hiyo kijana alikuja na hoja kwamba tuchange pesa tuagize simu mpya ya Linux.

"Kaka, sijasema tununue hiyo ya magunia matano," alinijibu. "Ipo ya bei ndogo. Ije tu, tuishike mkononi."

"Mkishaishika," dada karani akauliza bila kuinua macho kwenye daftari lake, "mtampigia nani?"

Tulicheka, lakini hakuna aliyekuwa na jibu la maana. Nimelibeba swali lile tangu siku hiyo, na safu hii nimeiandika kwa sababu yake. Wapenzi wa simu huria duniani kote, na sisi watano tukiwemo, tunabishana sana juu ya kifaa kipi kinunuliwe, kina kumbukumbu kiasi gani, kamera yake inafanya kazi au la. Nadhani tunabishania mahali pasipo na kesi. Kama simu huria ina maisha yoyote huku kusini, itaingia kupitia droo ya fundi, katika simu ambazo zimeshakuwapo na zimeshatupwa. Na kitakachoamua ni mambo mawili tu, nani anashika ufunguo wa kuwashia simu, na huduma tunazozihitaji kila siku zinaidai simu vitu gani.

Historia niipitie haraka. Nokia walitoa Nokia 770 mwaka 2005, kifaa cha mkononi chenye Linux ambacho hakikuwa hata na sehemu ya laini. Mwaka 2009 wakatoa N900, simu kamili yenye vitufe vya kuandikia vinavyochomoka ubavuni, na hadi leo ukimtajia mpenzi wa zamani jina hilo anapumua kama mtu aliyekumbushwa mchumba. Februari 2011 kampuni ikaamua kuhamia kwenye mfumo wa Windows wa Microsoft. N9, ambayo wengi waliiona nzuri kuliko zote, ilitoka mwaka huohuo ikiwa tayari yatima. Waliokuwa ndani wakatoka wakaanzisha Jolla nchini mwao Finland, na simu yao ya kwanza ikatoka 2013. Mwaka huo pia Canonical, wenye Ubuntu, mfumo wa Linux wa kompyuta, waliomba umma uwachangie dola milioni 32 watengeneze Ubuntu Edge. Zikafika milioni 12 na kitu, mradi ukafa. Aprili 2017 wakajitoa kabisa kwenye simu. Kisha ikaja PinePhone ya Pine64, dola 150 hivi, ambayo ukifungua mgongo wake unakuta vijiswichi vya kuzima maikrofoni, kamera na modemu kwa ncha ya kalamu. Ndugu yake mkubwa, PinePhone Pro, aliachwa kutengenezwa mwaka 2025.

Orodha ya misiba, ukiitazama kijuujuu. Lakini angalia kilichobaki. Canonical walipoiacha Ubuntu ya simu, kundi la kujitolea liitwalo UBports liliichukua, na mfumo huo unaendelea kutolewa. Sailfish, mfumo wa Jolla, imeishi kupita simu iliyozaliwa nayo, na mwishoni mwa 2025 kampuni ilipotangaza simu nyingine na kuomba oda 2,000 za awali, zilitimia ndani ya siku chache. Sura za skrini kama Phosh na Plasma Mobile, zilizoanza kwa ajili ya vifaa vichache, leo zinakaa kwenye simu ambazo waliozitunga hawakuziwazia. Kifaa kinakufa, programu inahama nyumba. Sasa kama programu ndiyo yenye roho ngumu na kifaa ndicho chenye kufa mapema, kwa nini sisi wenye mifuko myepesi ndio tuweke pesa kwenye kifaa?

Mwalimu ana pingamizi lake hapa, na ni zito. Anasema programu haielei hewani, lazima ikae juu ya chombo, na simu tulizonazo Mtwara si vyombo vilivyotengenezwa kupokea mgeni. Yuko sahihi zaidi ya vile ambavyo ningependa. Ili nieleze kwa nini, inabidi nirudi kwenye korosho.

Linux yenyewe ni kiini tu, kile ambacho mafundi wanakiita keneli. Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Kila simu ya Android inakibeba. Simu janja za Tecno na Itel zinazopangwa kwenye meza za soko letu zote zina Linux ndani, kwa hiyo ukisema unataka simu ya Linux, muuzaji ana haki ya kukupa yoyote. Tatizo ni ganda. Anayejua kubangua korosho anajua ganda lile lina mafuta yanayobabua ngozi, hulivunji kwa meno. Kwenye simu ganda ni zile draiva za kampuni, vipande vya programu vinavyoiambia keneli namna ya kuongea na skrini, kamera, modemu na kipima chaji. Kampuni ya chipu inachukua keneli ya mwaka fulani, inashonea viraka vyake, inampa mtengenezaji simu, kisha inaendelea na chipu mpya. Viraka havirudishwi kwenye keneli kuu. Leseni ya Linux inamtaka anayesambaza keneli awape wateja msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, wakiudai, lakini watengenezaji wengi wa simu za bei nafuu hawatoi, na nani wa Mtwara atawafungulia kesi?

Ndiyo maana simu yako ya mwaka 2018 imezeeka wakati chipu yake bado ina nguvu kuliko kompyuta niliyojifunzia. Imegandishwa kwenye keneli ya zamani, na aliyeigandisha ameshaondoka.

Mradi wa postmarketOS ulianza mwaka 2017 kwa lengo moja la ubishi, simu iishi miaka kumi. Njia yao ni kuchukua kifaa kimojakimoja na kukifundisha keneli kuu ya Linux, ile inayosasishwa kila wakati, badala ya kubembeleza ile iliyoganda. Kazi hiyo imefika mbali kwenye chipu chache. Snapdragon 410, iliyokuwa ndani ya simu za bei ya kati za mwaka 2015 kama Galaxy A5, imefanyiwa kazi nyingi. Snapdragon 845, ya OnePlus 6 ya mwaka 2018, nayo ni kipenzi chao. Ila chipu za MediaTek na Unisoc, ambazo ndizo zimejaa kwenye simu tunazonunua sisi, ziko nyuma sana. Hilo ndilo pingamizi la mwalimu. Tulimwaga ndoo nzima ya simu zilizokufa za fundi juu ya meza, tukazichambua moja moja kama tunachagua choroko, na zile ambazo postmarketOS wana habari nazo za kutumainisha hazikuzidi vidole vya mkono mmoja. Zote zilikuwa simu za mtumba zilizokuja na watu kutoka Dar es Salaam au Dubai. Hakuna hata moja iliyonunuliwa mpya Mtwara.

Kwa hiyo nadharia yangu ya droo ina tundu, nakubali. Droo ipo lakini ina simu zisizofaa. Hata hivyo tulipata moja yenye kioo kilichopasuka pembeni, tukaibadilisha betri, na jioni mbili baadaye ilikuwa inawaka na Linux tupu, bila Android chini yake. Tukaweka laini. Mtandao ukashika. Na hapo lilitokea jambo lililonibadilisha mawazo kuhusu ubishi wote huu.

Fundi aliandika nyota mia moja hamsini nyota sifuri sifuri reli. Akabonyeza kupiga. Ikakaa kidogo, kisha menyu ya M-Pesa ikaja, ya kutuma pesa, kutoa pesa, kununua muda wa maongezi, yote kwa Kiswahili, juu ya mfumo ambao hakuna mtu yeyote wa kampuni ile ya simu aliyewahi kuufikiria.

Msomaji ataona ni jambo dogo. Basi asikilize wanayolalamikia wenzetu wa Ulaya. Mtu wa Berlin anayejaribu kuishi na simu ya Linux, kilio chake cha kwanza ni benki. Programu ya benki yake inaiuliza Google kama simu ile ni halali na haijachokonolewa, kupitia utaratibu uitwao Play Integrity. Simu isiyo na baraka za Google haiwezi kujibu vizuri, na programu inagoma. Wapo wanaotumia Waydroid, ambayo inaendesha Android ndani ya chumba chake juu ya Linux, na programu nyingi hukubali kukaa humo, lakini za benki ndizo zenye pua kali. Matokeo yake mpenzi wa simu huria Ulaya hutembea na simu mbili, moja ya imani na nyingine ya kulipia nauli.

Sasa njoo feri, upande wa kuvukia Msangamkuu, umuulize mama anayekaanga samaki pesa yake inaingiaje. Atakutajia nyota na reli. Za M-Pesa nimeshazitaja. Airtel Money wanamaliza na sitini, Halopesa themanini na nane, Mixx by Yas sifuri moja. NMB ni sitini na sita, CRDB sifuri tatu. Mkulima ambaye malipo yake ya mnada yameingia benki anaweza kuangalia salio akiwa shambani kwa kitochi cha vitufe. Menyu ile haikai kwenye simu. Simu inatuma tarakimu kwenye mtandao, seva ya kampuni inarudisha maandishi, simu inayaonyesha, basi. Haiulizi simu imetengenezwa na nani, ina mfumo gani, imefunguliwa au imefungwa. Na upande wa Linux kazi imeshafanyika zamani: ModemManager, programu inayoongea na modemu, inaijua USSD, jina la kitaalamu la hizo menyu za nyota na reli, na programu ya kupigia simu ya GNOME, mradi wa sura za skrini za Linux, nayo inaijua.

Kuna kichekesho hapa ambacho sijamaliza kukitafakari. USSD si teknolojia huria hata kidogo. Kila kitu kiko kwenye seva za kampuni, huwezi kuona msimbo wake, kikao kinakatika ukichelewa kutafuta miwani, na usiri wake ni wa mashaka kwa yeyote aliye ndani ya mtandao wenyewe. Ukimuuliza mtetezi wa programu huria wa Ulaya atakwambia ni takataka ya miaka ya tisini. Lakini imetokea kuwa ndiyo inayoiacha simu yangu iwe huru, kwa sababu moja tu, haiidai kitu. Programu ya benki ya kisasa ina kila sifa na inataka kujua mpaka nani alikuvalisha. Uhuru wa kifaa kilichoko mkononi mwangu, nimegundua, unategemea zaidi udogo wa madai ya huduma kuliko uzuri wa huduma yenyewe. Sijaona wapenzi wa Ulaya wakilisema hili, na siwalaumu, hawana reli kwenye maisha yao.

Dada karani aliposikia haya alinipa onyo ambalo nalichukua kwa uzito. Anasema kampuni zinawasukuma watu watoke kwenye menyu waingie kwenye programu. Matangazo, zawadi, bando la bure ukiingia kupitia programu. Mikopo midogo nayo inavutwa hukohuko. Hakuna atakayeizima USSD kesho, wateja wenye vitochi ni wengi mno. Ila inaweza kuachwa inyauke, huduma mpya zisiwekwe humo, makato yawe nafuu upande wa pili. Siku makato ya kutuma elfu kumi yatakapokuwa nafuu kwenye programu kuliko kwenye reli, mlango ninaousifia hapa utakuwa umeanza kufungwa, na hatutasikia kishindo.

Nirudi kwenye ufunguo. Simu inapowashwa, kitu cha kwanza kuamka ni kipande kidogo kinachoitwa butiloda, ambacho kinakagua kama mfumo unaotaka kupanda umetiwa sahihi na kampuni. Kikifungwa, huwezi kuweka kitu kingine hata ukiwa na msimbo wote wa dunia. Zamani kampuni nyingi ziliruhusu mwenye simu akifungue kwa hiari yake, akipoteza dhamana. Mlango huo unazidi kubanwa. Xiaomi waliongeza masharti makali walipoleta mfumo wao wa HyperOS, na Samsung wameondoa kabisa njia hiyo kwenye mfumo wao wa One UI 8 wa mwaka 2025. Zile simu nzuri za mtumba zitakazofika Mtwara mwaka 2030, zile ambazo nadharia yangu ya droo inazisubiri, zitakuwa zimezaliwa zimefungwa.

Na sisi tuna kifuli chetu cha nyumbani. Angalia vijiwe vya bodaboda kuanzia Magomeni hadi Mikindani. Vijana wengi wana simu janja za mkopo, wametanguliza kidogo, wanalipa kila siku, na ukichelewa simu inajifunga yenyewe, inabaki na maandishi ya kukukumbusha deni. Huwa naona watu wakiishambulia biashara hii kwa hasira, mimi siko huko. Kijana asiye na hati ya nyumba wala mdhamini amepata chombo cha kazi, na aliyemkopesha anahitaji rehani. Kifuli ndiyo rehani.

"Zikifunguka kirahisi, nani atakopesha?" fundi aliuliza.

"Na wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kuzifungua," dada karani akamjibu, na fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Wizi nao uko hivyohivyo. Kifuli cha akaunti ya Google kimewakatisha tamaa vibaka wengi, hata kama wapo mafundi wanaojua kukitoa. Mpenzi wa simu huria anayesema vifuli vyote ni dhuluma hajaibiwa simu stendi. Ninachokitaka ni kidogo kuliko hicho, na nadhani kinadaika. Deni likiisha, au kampuni ikiacha kuleta masasisho ya usalama, ufunguo wa butiloda akabidhiwe mwenye simu. Kabla ya hapo wafunge watakavyo. Baada ya hapo wanalinda nini, kama wameshaiacha?

Tena tuna chombo cha kulisimamia. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ndiyo inayoidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni. Juni 2016 ilizima simu bandia nchi nzima, na kila mwenye kibanda cha simu anaikumbuka siku ile, wengine kwa kilio na wengine kwa faida. Mamlaka yenye uwezo wa kuzima simu kwa namba yake ya IMEI haishindwi kumwambia mwingizaji kwamba kifaa kisicho na mpango wa kukabidhi ufunguo hakipati idhini. Kama ingependa. Mwalimu anasema soko letu ni dogo, watengenezaji watapuuza. Tanzania peke yake, labda. Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima ikisema jambo moja, sidhani kampuni zinazoishi kwa kuiuzia Afrika simu zitapuuza.

Sasa niseme jambo linaloniumiza, maana lingeweza kuiangusha safu nzima na sitaki msomaji anishike nalo. Simu ya bei chee yenye Linux ndani, isiyo ya Android wala ya Apple, imeshawahi kufika hapa, na ilinunuliwa. Ni ile Smart Kitochi ya Vodacom, ya mwaka 2019. Ndani yake mlikuwa na KaiOS, mtoto wa Firefox OS, mfumo wa simu ambao Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, waliutoa 2013 na kuuacha miaka michache baadaye. Vitufe, tochi, betri ya siku kadhaa, na WhatsApp. Hiyo WhatsApp ndiyo iliyoiuza. Mwaka 2024 wenye WhatsApp wakafunga mlango kwa wapya kwenye KaiOS, na mwanzoni mwa 2025 hata waliokuwa nayo wakakatiwa. Ile simu haikuharibika. Iliamka siku moja ikiwa kitochi cha kawaida chenye jina refu.

Kwa hiyo dada karani alipouliza tutampigia nani, alikuwa anagusa hapa hapa. Kikundi chake cha wakulima, kikundi cha wazazi wa shule, cha msiba, cha vikoba, vyote viko WhatsApp. Simu ya Linux inaweza kuifungua kupitia kivinjari, lakini lazima kuwe na simu nyingine iliyosajiliwa mahali fulani, au utumie Waydroid na uombe Mungu. Ulaya sheria yao ya masoko ya kidijitali imewalazimisha Meta, wenye WhatsApp, waruhusu programu nyingine ziongee nayo, na mwishoni mwa 2025 mbili za mwanzo zikaanza kuunganishwa. Huko huko Ulaya tu. Namba ya Tanzania haimo.

Kwa hili sina suluhisho, na yeyote anayekuambia analo mwangalie vizuri mfukoni. Ninachoweza kusema ni kwamba kosa la KaiOS halikuwa Linux. Ilikuwa ni simu iliyofungwa kama nyingine zote. Mlango mmoja ulipofungwa, mwenye simu hakuwa na namna ya kuweka mfumo mwingine juu yake. Msingi huria ulikuwa umejengewa ukuta.

Na wala usidhani Android itabaki kuwa uwanja wazi kama tulivyoizoea. Machi 2025 Google walitangaza kwamba wataiendeleza Android ndani kwa ndani, na msimbo uwe unatolewa toleo likikamilika. Agosti mwaka huohuo wakasema programu yoyote itakayowekwa kwenye simu zenye idhini yao itabidi itoke kwa mtunzi aliyejitambulisha kwao, kuanzia Septemba 2026 katika nchi nne, Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kwingine kuanzia 2027. Baada ya kelele waliahidi kuwaachia njia wazoefu. Vijana wetu hawajasoma tangazo hilo, lakini linawahusu kuliko wanavyodhani. Nusu ya kijiwe cha bodaboda kina GB WhatsApp, WhatsApp isiyo rasmi, iliyorushwa kutoka simu hadi simu bila kupita duka lolote. Siisifii, mimi mwenyewe nisingeiamini na namba yangu ya siri. Ila imewafundisha watu wa kawaida kwamba simu inaweza kupokea kitu ambacho mwenye duka hakukibariki, somo ambalo sisi wapenzi wa Linux hatujaweza kulifundisha kwa miaka mingi ya mahubiri.

Mahubiri yenyewe nayo hatuyaanzi leo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwalimu anaikumbuka. Ukifungua Phosh leo ukaiweka kwa Kiswahili, unakuta sentensi moja Kiswahili, mbili Kiingereza, kama mazungumzo ya wabunge. Hiyo ni kazi ambayo haihitaji magunia wala TCRA. Kijana ameanza kutafsiri kidogo kidogo, na nimegundua anabishana kidogo zaidi tangu aanze.

Ile simu ya kioo kilichopasuka ipo bado juu ya meza ya fundi. Meseji zinaingia, nyota na reli zinafanya kazi, intaneti ipo, betri inakaa hadi jioni. Kilichobaki ni sauti ya simu. Jumamosi kijana alimpigia dada karani aliyekuwa Nanyamba. Ikaita, ikapokelewa, sisi tukamsikia vizuri kabisa akisema haloo mara nne, kisha akiuliza wewe ni nani, kisha akimgeukia mtu wa pembeni kumwambia ni wale wale wa kibandani. Yeye hakutusikia neno. Akakata, na baada ya dakika moja meseji ikaingia: nimeona namba, sauti sijaipata, mkimaliza kutengeneza nipigieni tena, ila si saa za mnada.